Uboho Wangu Ukae kwa Adabu

Mafiga, Morogoro

Kaka Hafidhi, shikamoo.

Hili sijamwambia mtu: siku nilipopimwa kama uboho wangu unakufaa, niliomba nisifanane na wewe. Sindano siiogopi. Ila daktari alisema uboho wangu ukiingia kwako unaweza kukuponya selimundu, au mwili wako ukaukataa, au wenyewe ukageuka kukushambulia. Wengi hupona, alisema, lakini mimi nikaondoka na hilo neno la mwisho. Nikushambulie mimi, ambaye hata rimoti huwa nakuachia!

Majibu yalipoonyesha tumefanana, mama alilia kwa furaha. Nikatabasamu kwa ajili yake.

Sasa Bibi ameshuka kutoka Mgeta na kabichi kubwa kuliko kichwa chako. Anasema, "Huyo mume wangu Hafidhi akitoka hospitali na haya kama zako, akiona wageni anakimbilia chumbani, namrudisha kwa mama yenu!" Nilicheka mpaka nikapaliwa. Tangu hapo kila asubuhi nauambia uboho wangu: wiki ijayo unakwenda ugenini, ukakae kwa adabu.

Lakini mwili ni wako. Nijibu tu kwamba bado unautaka uboho wangu, nami nitakuja.

Nasikia kandambili za Bibi zinakuja mlangoni. Siku zote nimekuwa nikiificha barua hii chini ya godoro. Leo naiacha hapa mezani. Akiuliza naandika nini, nitamsomea yote, kuanzia mstari wa kwanza.

Mdogo wako mwenye haya,
Mosi