Kwako Uliyemwita Mama Yangu Mchawi kwa Kipaza Sauti

Kwako uliyekuwa mchumba wangu,

Mpendwa sikuiti, nitakuwa naongopa kama ulivyoongopa wewe pale Bariadi, miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila mwenye jenereta akafungua banda la video. Ulikuwa unatafsiri picha za Kizungu kwa kipaza sauti, na Kiingereza chako hakikuzidi salamu. Mimi nilikaa pembeni nikikunong'oneza. Nilikupenda, ndiyo. Upumbavu nao una umri wake.

Unaukumbuka mkanda wa yule mjane? Picha nzima ni yeye na binti yake ndani ya nyumba. Anafunga, anasali, anasugua sakafu mpaka mikono inachubuka, na mtoto anakonda kwa njaa. Hakuna ngumi wala bunduki. Watu wakaanza kupiga miluzi: "Stelingi yuko wapi?" Nikakuambia stelingi ni huyo huyo mama, na kinachotisha ni sala yake isiyokwisha, wasubiri tu. Ukaziba kipaza sauti kwa kiganja.

"Mwanamke awe stelingi? Acha utani."

Ukatangaza kwamba ni mchawi. "Mwoneni macho!" Banda likaamka. Saa hiyo hiyo mama yangu alikuwa amekuja kuniita, amesimama mlangoni, kageuza uso asitazamane nawe, mkwe wake, kama heshima ya kwetu ilivyo. Macho yake mekundu, kwa moshi wa mavi ya ng'ombe aliyopikia maisha yote. Mtu akapaza sauti, "Kama ya mayu yule pale, yule mama mlangoni!" Nawe, uliyepaswa kumpisha hata njiani, ukarudia maneno hayo kwa kipaza sauti. Wakacheka, ukacheka nao.

Ulijua kabisa kicheko cha namna hiyo kinaishia wapi kwetu. Wanawake wazee wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho. Kisimani wakaanza kumkwepa, na asubuhi moja tukakuta panga limeegemezwa mlangoni. Nikamhamishia kijijini Lingeka kwa mjomba, na ng'ombe wenu wa mahari wakarudi kwenu.

Sasa nasikia umeokoka, una kanisa la mabati, unafunga siku kwa siku. Sikudharau kwa kusali; mama ni Mkatoliki, anasali kuliko wewe. Nakudharau kwa salamu ulizotuma, eti Jumapili unakuja na waumini wako kumtoa mama pepo, hadharani! Mtaimba, mtaondoka. Mama atabaki na majirani ambao hadi leo hawamshuku uchawi, ila baada yenu watamshuku.

Nilipomweleza, aliendelea kupepeta mtama. Kisha akasema, "Mwambie aje peke yake. Chakula kitakuwepo."

Ndivyo alivyo. Basi njoo peke yako, bila kwaya, ule, unyamaze, uende. Ukija na umati utanikuta mimi kwanza. Mama alishakusamehe zamani. Mimi bado.

Wasalimie kwenu.

Aliyeponea chupuchupu kuwa mke wako