Mkono Ninaompungia Mume Wangu Avuke Reli

Mshauri mpendwa, nakusalimu na unisamehe mwandiko, maana mkono huu ninaoandikia ndio wenye kesi. Mimi na mume wangu tunasambaza mikate, yeye ni dereva wa gari la kiwanda na mimi ni utingo wake, nashusha trei zilizojaa na kupokea tupu, na kabla ya kufika madukani kuna kivuko cha reli chenye njia mbili za treni, na geti lake linafunga nusu tu ya barabara, nusu nyingine iko wazi. Sasa mume wangu hana subira, anasema watu wanataka chai na mkate haungoji treni, kwa hiyo tukajizoesha hivi: geti likishuka mimi nateremka, nasogea karibu na reli, natazama huku na huku, nikiona kweupe napunga mkono, naye analizunguka geti na kupita, kisha namkimbilia ng'ambo. Wenye maduka wamenipa jina la Trafiki, nami jina hilo nililipenda.

Wiki iliyopita treni ya mizigo ilipita, behewa la mwisho likavuka, kengele bado inalia lakini nikajua kengele ile huchelewa kunyamaza, nikapunga, kumbe kwenye njia ya pili inakuja treni nyingine kutoka upande wa pili, imefichwa na mabehewa yale yale. Nikasikia honi. Nikapiga kelele, "Baba watoto, rudi! Rudi!" lakini gari lilishapanda reli, nikaliona linapotea mbele ya kichwa cha treni, halafu mabehewa yakajaa baina yetu. Mshauri, sikujua kama nina mume au ni mjane. Nilisimama pale nikiyatazama magurudumu yakipita, na naona aibu kukuambia, nilikuwa natafuta chini yake rangi ya shati lake. Treni ilipoisha nikamwona ng'ambo, mlango wa nyuma wa gari umefunguka, mikate imetapakaa barabarani, naye anacheka! Akaniambia, "Mama watoto, leo ilibaki kidogo uolewe tena."

Tangu hapo nimekataa kupunga. Amenuna, anasema woga nibaki nao nyumbani, mwezi ukianza atamchukua dada yake awe utingo, na wifi yangu amefurahi, juzi kaniuliza kama napunga kwa mkono wa kulia au wa kushoto. Nikimwambia bosi, mume wangu atafukuzwa na mama mkwe atasema nimevunja nyumba, nikinyamaza wifi atasimama pale niliposimama mimi. Nafikiria nirudi tu nipunge mwenyewe, angalau macho yangu yana mazoea. Nifanyeje?

Ni mimi, Trafiki

JIBU

Trafiki, barua yako nimeitanguliza mbele ya za wengine, maana nilianza kuisoma nimekaa na nikajikuta nimesimama. Pole sana, mwanangu. Kungoja treni iishe ndipo ujue kama una mume, simwombei hilo hata adui.

Sasa nikukaripie. Eti macho yana mazoea! Mazoea hayo hayo ndiyo yaliyokuambia kengele huchelewa kunyamaza. Haikuchelewa, mama. Ilikuwa inakuambia kuna treni nyingine, wewe ukajifanya unaijua kazi yake kuliko yenyewe. Na ni jicho gani linaloona nyuma ya behewa? Usirudi kupunga. Na msije mkaniambia ajali haina kinga, hii kinga yake ni kukaa nyuma ya geti. Mumeo naye mwambie nimesema mimi: siku ile hakupona kwa ujanja, alipona tu.

Kwa bosi nendeni wawili, mumeo akikataa nenda peke yako. Omba gari lipakiwe mapema, na maduka ya ng'ambo yajue kwamba mkate utafika treni ikishapita. Akifukuzwa kazi mtatafuta nyingine. Mama mkwe akilalamika, msikilize kwa adabu na usibadili neno. Geti likishuka, injini izimwe, wala isiwashwe mpaka geti lipande lenyewe na kengele inyamaze. Gari likizimika juu ya reli, tokeni mkimbie mbali, mikate iacheni humo humo.

Mume atanuna na atachoka, hayo ya nyumbani mtayamaliza polepole. Wifi yako hana muda huo, mwezi unaanza keshokutwa. Mwite leo, mkae wawili, umwambie hata lile unaloonea aibu: ulichokuwa unakitafuta chini ya magurudumu. Umwambie kwamba uliyekuwa unamtafuta ni kaka yake, na kwamba safari ijayo atakayesimama pale kumtafuta ni yeye.