Buni Mbili za Mzee Mwebesa

Nyaishozi,
Jumanne.

Dada Adventina mpendwa,

Shikamoo dada. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo huko Mwanza, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua. Sisi hapa tunaendelea vizuri. Migomba imetuhurumia mwaka huu, maharage yamechanua, na Baba ana nguvu za kugombana na majirani, kwa hiyo ujue ni mzima. Ningekupigia simu, lakini nikiishika tu anakuja kukaa pembeni yangu akidai nimpe naye akusalimie, na haya ninayotaka kukueleza hayasemeki mbele yake.

Utakuwa umesikia kwamba chama chetu cha wakulima wa kahawa kimemaliza ghala. Jumapili baada ya misa litapewa jina la Mzee Mwebesa, yule aliyebuni mashine ya mbao ya kukoboa kahawa, ile ya pedeli za baiskeli, wakati bibi zetu bado wanatwanga kwenye vinu mpaka viganja vinachubuka. Mti wa ukoo wake utasomwa hadharani na jamaa zake watakaa mbele. Kazi ya kuuandika ninayo mimi, eti kwa kuwa ni mwalimu wa historia. Baba alipopata habari alitoa lile koti alilovaa kwenye harusi yako akalianika juani. Unajua alivyotulea na maneno yale, kwamba Mwebesa na Babu Byarugaba ni tumbo moja, na akili ya mashine imo kwenye damu yetu. Hata nilipofeli hisabati alinikumbusha!

Nilianza na kitabu cha ubatizo parokiani. Dada, nilisoma mara tatu. Wazazi wa Babu ni wafugaji wa Nyakakika, na wazazi wa Mwebesa ni wakulima wa Kibingo. Si baba mmoja, si mama mmoja. Nikadhani karani wa zamani alisinzia. Nikachana karatasi, nikachora upya, nikachana tena, mpaka kichwa kikaniuma. Mwishowe nikaenda Kibingo kwa Bi Dafroza, mjane wa mtoto wa Mwebesa, aliyemuuguza mzee huyo mpaka mwisho wake. Alinipeleka kitindamimba wake, Gozbert, ambaye ni bwana shamba huku kwetu. Ana pikipiki.

Bi Dafroza alinipa kahawa ya kutafuna, kisha akaniuliza sisi muziro wetu ni upi, yaani mnyama ambaye ukoo wetu haumli. Nikasema pongo. Alicheka mpaka akashika mbavu. Wao, akasema, hawali samaki aitwaye kamongo, na tangu lini watoto wa baba mmoja wakawa na miziro miwili? Nikabaki na kahawa mdomoni kama mtoto aliyesahau kumeza.

Ndipo akanieleza. Babu alifika Kibingo akiwa kijana, ng'ombe wa baba yake wamekufa wote kwa ugonjwa, hana kitu ila baiskeli. Mwebesa akampa kona ya shamba. Baadaye wakafanya mkago. Walichanja ngozi karibu na kitovu, wakapasua tunda moja la kahawa, na kila mmoja akameza buni moja iliyopakwa damu ya mwenzake. Toka siku hiyo wakawa ndugu, na hakuna aliyethubutu kusema vingine. Watu wa mkago hawanyimani kitu. Mwebesa alipotaka pedeli na mnyororo kwa ajili ya mashine yake, Babu aliifungua baiskeli yake pekee bila kuuliza neno. Ila Bi Dafroza akaongeza kwamba watoto wa mkago hawaoani, hata wajukuu, kwa kuwa ni kaka na dada kuliko wa kuzaliwa.

Sasa mimi niandike nini? Nikisoma kitabu cha ubatizo, Baba ataondolewa kwenye kiti cha mbele watu wote wakitazama, na koti lake. Nikisoma mkago, kiti ni chake kwa haki. Utasema basi soma mkago, Mackrine, shida iko wapi?

Shida ni hii, dada, na naona aibu kuiandika. Kazi hii sikupewa, niliiomba. Gozbert na mimi tunapendana, huu ni mwaka wa pili. Kwa kuwa Baba ametuambia maisha yetu yote kwamba watu wa Mwebesa ni damu yetu, nilitaka nipate karatasi ya kumwonyesha kwamba sivyo. Karatasi nimeipata, na buni ya mkago nayo nimeipata katika kutafuta hukohuko. Baba mwenyewe, tangu nilipomwambia nani alinipeleka Kibingo, ameshamtengea Gozbert kiti kando yangu, na akinitajia habari zake anasema “kaka yako”.

Gozbert hana wasiwasi. Anasema Jumamosi asubuhi atakuja kuniomba kwa Baba, na kama Baba anauamini mkago, hawezi kumnyima. Nikamwambia kama anauamini, mimi ni dada yako. Nampenda, na Baba nampenda, na sijui hata ninachomwomba Mungu.

Nakuomba ufike Ijumaa, wewe Baba anakusikiliza. Mstari kati ya Babu na Mwebesa nimeuchora kwa penseli. Kila nikitaka kuufuta naliona lile koti kwenye kamba, Baba analigeuza mwenyewe upande mwingine upate jua, na mkono unakwenda kwenye kalamu ya wino.

Wasalimie sana shemeji na watoto. Baba anawasalimu, anasema uje na viatu vizuri, mtakaa mbele.

Ni mimi mdogo wako, dada wa Gozbert au mchumba wake, wewe ndiwe utakayeniambia,

Mackrine