Duka Letu la Dawa Liandikwe kwa Jina la Nani

Mke wangu mpenzi,

Ndoa yetu haijafikisha hata mwezi wa tatu na tayari nimekuwa mtu wa kusikilizia treni. Kila inapopiga honi kuingia stesheni hapa Mpanda, nasimama. Najua fika kwamba uko Tabora, darasani, unajifunza utoaji wa dawa, na mafunzo bado hayajaisha. Nasimama hivyo hivyo. Majirani wananicheka, na mimi nawaacha wacheke. Mwanaume aliyekuoa wewe anaruhusiwa kuwa mjinga kidogo.

Barua hii naiacha wazi, asome anayetaka, kwa sababu nilichekwa mbele za watu na jibu langu nalo nataka liwe mbele za watu.

Unakumbuka siku ile tulipokwenda Kabungu kwa mama yako, kabla sijaleta posa? Ulinionyesha dirisha lililozibwa kwa bati, ukasema hapo palikuwa duka la dawa la marehemu baba yako, na kwamba aliyekaa kaunta miaka yote alikuwa mama. Siku ya kumaliza matanga, baba zako wadogo wakabadilisha kufuli. Leseni ilikuwa na jina moja, na halikuwa la mama. Uliyasema hayo huku ukinimenyea muwa, hukutoa chozi, na kila kipande kitamu ulinipa mimi. Nilikupenda mpaka nikasahau kutafuna.

Na unakumbuka stesheni, siku uliyoondoka? Nilikuambia nenda kasome, ukirudi utakuta duka letu limeshasajiliwa, wewe ndiye malkia wake. Ukaniangalia kwa macho yako yale.

"Sitaki umalkia. Usije ukanifanya mfanyakazi wako tu."

Nilicheka. Wewe hukucheka.

Sasa nikiri kosa langu. Wiki iliyopita nilikwenda Kashaulili, pale kwa binti wa stationari anayewajazia watu fomu za usajili kwenye kompyuta. Alipofika kwenye nafasi ya mmiliki, nikamwambia aandike jina langu. Jina langu tu. Sikuwa na ubaya moyoni, mke wangu. Nimekulia Kakese kwenye zizi ambalo ng'ombe wote wana alama moja, ya baba, na hakuna aliyewahi kuuliza. Nikaona duka nalo ni zizi.

Binti akaandika, kisha akauliza mtoa dawa atakuwa nani. Nikamjibu kwa majivuno kwamba ni mke wangu, yuko mafunzoni.

"Na cheti chake kisipokuwepo ukutani, duka linafunguliwa?"

"Halifunguliwi."

"Sasa kaka, mbona humu hayumo?"

Nililiona lile bati la dirisha la Kabungu. Nikamwomba afute.

Akanieleza taratibu, huku wateja wake wa fotokopi wakisubiri. Jina la biashara la mtu mmoja ni rahisi, lakini mwenye jina akifa, biashara inabaki kugombaniwa. Ubia unatuweka wote wawili, ila kukitokea deni au kesi, mdai anaweza kufika mpaka kwenye godoro letu. Kampuni ina gharama zaidi na kila mwaka inadai taarifa zake, lakini inasimama kama mtu mwingine. Mmoja wetu akifa, yenyewe haifi, na hisa za aliyebaki zinabaki zake. Hapo moyo wangu ukaruka. Nikasema hiyo hiyo, nusu yako, nusu yangu.

Lakini mtaji ulitoka kwenye ng'ombe wa baba, kwa hiyo Jumapili nikaenda Kakese kumweleza. Kaka yangu Masanja alikuwepo, na majirani waliokuja kusaidia kupepeta mpunga. Masanja akasema hisa ziende kwa baba, halafu kwake yeye kama mkubwa, sisi tutapewa cha kutosha. Nikakataa. Nikasema duka ni la watu wawili.

"Kwani wewe umeoa au umeolewa?" akaniuliza.

Watu walicheka mpaka mpunga ukamwagika. Nikamjibu kwamba yote mawili, na nimeridhika. Wakacheka tena, safari hii upande wangu. Ila baba hakucheka. Baba angesema hapana, ningerudi mjini sina duka.

Baba aliuliza jambo moja tu: hiyo kampuni ikoje. Nikaeleza nilivyoweza. Kisha akaniuliza kama namkumbuka yule mtamba aliyekupa siku ulipoingia nyumbani kwetu. Nani angemsahau? Ulimshika kamba ukiwa na gauni jeupe, akakukanyagia pindo, nawe ukamwomba radhi yeye.

"Yule nilimkata sikio kwa alama ya mkeo," baba akasema. "Yuko kwenye zizi langu, lakini si wangu, na ndama wake si wangu. Masanja analijua hilo. Na hao niliowatoa kwa ajili ya duka, nimeshawatoa. Sitakwenda mjini kuhesabu ndama."

Masanja akaokota ungo wake. Jioni ndiye aliyenisindikiza barabarani. Akasema nikuambie shemeji, akiumwa kichwa atakuja kwako, na hatalipa. Nimemwambia atalipa.

Mpenzi, karatasi za kampuni ziko tayari. Nimesaini upande wangu mbele ya wakili. Upande wako uko mweupe. Wakili anasema hakuna mtu anayeweza kukusainia, hata mumeo. Nilifurahi kulisikia hilo kuliko anavyodhani.

Kufuli la mlango nimeshanunua. Lilikuja na funguo mbili. Mmoja nimeupeleka Kabungu kwa mama, akutunzie mpaka urudi. Aliupokea, akaufunga kwenye pindo la khanga yake, mafundo mawili.

Soma vizuri, urudi usaini.

Mimi nusu yako,
Mumeo