Maji ya Mfereji Yamemharibia Mwende Meno

Kitengela,
Jumapili jioni

Kwako Mama mpendwa,

Tunakusalimu sote, tukiamini barua hii itakukuta na nguvu. Goti lako linaendeleaje? Na punda bado anaweza ule mteremko wa mtoni? Sisi huku hatuna homa wala kikohozi, lakini mimi niko na hasira, Mama, na ndiyo imenikalisha niandike. Ningepiga simu ya dukani kwa Kimeu, ila haya si maneno ya kusemwa mbele ya wateja.

Unakumbuka tulivyofurahi, Mwende akiwa angali ananyonya, kupata nyumba yenye mfereji wa bomba mlangoni, na wewe ungali unachimba mchanga wa mto upate mtungi mmoja. Basi maji yenyewe yanatoka kwa kisima cha mwenye ploti, huyu tunayempangia nyumba, na ni ya chumvi. Sabuni haitoi povu. Maharagwe yanachemka mpaka makaa yaishe na bado ni magumu. Ukiweka maziwa kwa chai, yanakatika. Hayo yote nilivumilia. Kilichonishinda ni meno ya Mwende.

Tangu yale ya utoto yang'oke, mapya yameota na madoa ya kahawia. Mwezi uliopita mwalimu wake alimsimamisha mbele ya darasa, akawaambia wenzake, "Tazameni mtoto asiyejua mswaki." Mwende hakuniambia. Nilimkuta nyuma ya nyumba akijisugua na ile waya ya kusugulia sufuria, damu inamtoka kwenye ufizi. Nilipomshika mkono akaniuliza, "Mama, kwani mimi ni mchafu?"

Kesho yake sikuenda kazini. Nilienda shule. Mwalimu ni kijana, mgeni huku, na akaniomba msamaha pale ofisini. Nikamwambia, "Uliyemwaibisha si mimi. Nenda ukaseme hivyo darasani." Alienda akasema, hapo simlaumu tena. Kisha nikamfunga mdogo wetu Kioko mgongoni, nikamshika Mwende, tukaenda hospitali ya Kajiado.

Daktari wa meno alimwangalia Mwende kwa upole. "Huu si uchafu, mama. Maji ya visima vingi vya huku yako na madini yanayoitwa floraidi. Yanaingia kwa jino likiwa bado linajengwa. Hata ukichemsha maji, madini hayo hayatoki."

"Yatasafishika?"

"Haya yatabaki hivi." Kisha akamwangalia Kioko. "Lakini huyu mdogo, meno yake ya ukubwani ndiyo yanajengwa sasa ndani ya ufizi. Mkimwondoa kwa hayo maji mapema, yatatoka mazuri."

Niliporudi nikamweleza Naserian, jirani yetu Mmaasai. Meno yake ni ya rangi hiyo hiyo tangu utotoni. Akasema, "Na sisi tuliambiwa ni ya ukoo."

Jumamosi iliyofuata mwenye ploti alikuja kutoka kwake Embulbul kuangalia mabati. Akina mama tulikuwa tukimngoja. Naserian alimletea maji ya mfereji kwa kikombe safi.

"Asante, nimeshiba," akasema.

"Ni maji tu, mzee. Jua ni kali."

"Mimi natembea na yangu." Na kweli, mtungi wake ulikuwa ndani ya gari.

Nikamuuliza, "Hutaki kunywa maji yako mwenyewe?"

"Hayo ni ya kufulia. Hiyo kila mtu anajua."

"Siku tunaingia hapa ulituambia maji yapo."

"Nilisema yapo. Sikusema ni ya kunywa." Akafungua mlango wa gari. "Asiyeyataka, barabara ya Namanga ni ile pale." Akaenda zake. Mama, mtu huyo ana wajukuu.

Tangu siku hiyo tunanunua maji ya mkokoteni. Lakini mwenye mkokoteni naye, kisima chake cha maji mazuri kikikauka, anajaza mitungi kwa kisima chochote, na huwezi kujua mpaka chai ikatike. Kuhama tutahama. Baba Mwende anauliza nyumba kila mahali, na kila mahali ni kisima. Kazi yangu iko hapa, yake iko hapa. Meno ya Kioko hayawezi kutungoja.

Kwa hiyo nimeamua, Mama, na nimelia kabla ya kuamua. Baba Mwende atakuletea Kioko wiki ijayo. Najua goti lako. Najua pia maji ya mto wetu yalitulea sote na meno yetu unayaona. Inaniuma kwamba nimtoe mtoto wangu nyumbani kwake, si kwa njaa wala kwa ugonjwa, ila kwa sababu ya mfereji ulio mlangoni pangu.

Nisalimie Kimeu, na umshukuru kwa kukusomea. Nisalimie shangazi mwenye kuongoza nyimbo kanisani, na mke wa kaka, aniwie radhi kwa mzigo huu mpya. Mwende anasema anakupenda, Susu, nyanya yake.

Kioko anakula vizuri, hasumbui. Taabu yake ni usiku, huwa anashtuka akiniita. Akifanya hivyo mpe maji ya huko anywe, ashibe, umlaze kifuani pako.

Ni mimi bintiyo,
Nzisa, mama Mwende na Kioko