Mafuta Niliyoyatia Kwenye Chupa ya Zuhura

Alhamisi, baada ya adhuhuri. Kipupwe kimekaza. Upepo unavuma tangu alfajiri na vumbi jekundu limeingia mpaka ndani ya wino wangu. Gari la moshi la pwani limekwisha ondoka. Nimekaa juu ya sanduku tupu nyuma ya karakana, daftari magotini, na ninaogopa kwenda nyumbani.

Sijui kama mke wangu yumo ndani ya gari lile.

Nimelipaka mafuta kwa mikono yangu mwenyewe, gurudumu baada ya gurudumu, huku nikichungulia kati ya mabehewa nione kama kuna kanga ninayoijua. Bwana wa Kijerumani alinikaripia mara mbili kwa uvivu. Sikuwa mvivu. Nilitamani tu lile gari lichelewe.

Kupaka mafuta ndiyo kazi yangu. Niliianza reli ikiwa bado haijafika hapa Dodoma, nikaifuata kituo kwa kituo, na leo nina mvi. Niliamini kwamba katika bara hili lote hakuna mtu anayejua mafuta kunishinda. Hayo nimeyaandika ili nijicheke vizuri.

Sasa niandike tangu mwanzo, maana nikiandika nusu nitajipendelea.

Zuhura na mimi ni watu wazima. Mtoto wetu Salehe yuko Tanga na mkewe. Miaka miwili hii mwili wa Zuhura umebadilika, kama inavyobadilika miili ya wanawake wa umri wake. Hedhi imekoma, na mambo ya chumbani yaliyokuwa mepesi yakawa makavu, yenye maumivu. Yeye alinificha. Mimi nilijifanya sioni, kwa sababu ningeona ningelazimika kusema neno.

Mwaka jana alikwenda Pangani kuwasalimu nduguze, akamweleza somo yake, yule mama aliyemfunda alipokuwa mwari. Alirudi na vitu viwili vimefungwa kitambaani. Kimoja ni chupa ya mafuta ya nazi. Cha pili ni kifaa cha mpingo, kimechongwa na kusuguliwa kwa majani ya msasa mpaka kikang'aa. Umbo lake sitalieleza. Wanawake wa pwani wanavijua vifaa hivi tangu zamani, na wanaume tunajifanya hatuvijui.

"Na mimi je?" nikauliza.

"Wewe unalala Kilosa siku nne, ukirudi unanuka moshi," akasema. "Hiki hakikoromi."

Nilicheka. Kusema kweli nilicheka baadaye. Kwanza nilinuna siku mbili.

Lakini kilitufaa sana. Zuhura alijifunza taratibu, akiwa peke yake, ajue wapi panauma na wapi hapaumi, kisha akanifundisha na mimi. Aliniambia kazi kubwa inafanywa na mafuta: yawe mengi, yapashwe viganjani kwanza, yaongezwe kabla hayajakauka, na mtu asiwe na haraka. Pakiuma, unaacha. Baada ya kila mara alikiosha kifaa kwa maji ya vuguvugu, akakifuta, akakikausha kivulini na kukifunga katika kitambaa safi. Nilimwona akifanya hivyo nikasema moyoni, huyu angekuwa fundi mzuri karakana. Raha ikarudi nyumbani kwetu. Sina haya kuiandika.

Kisha baridi ikaja.

Pwani mafuta ya nazi hayana habari ya kuganda. Hapa uwandani, nchi ya Wagogo, mwezi kama huu, chupa ilikuwa nyeupe na ngumu kama mafuta ya mbuzi. Zuhura aliigeuza juu chini, akaitikisa, hakuna kitu. "Hata mafuta yamekataa Ugogo," akalalamika.

Mtu mwenye akili angeiweka chupa ndani ya maji ya moto, basi. Mimi nilifikiri kama mtu wa reli. Karakana tunayo mafuta mepesi ya mashine ambayo hayagandi hata asubuhi ya baridi kali. Nikaichukua chupa yake, nikayayeyusha mafuta yake juani, nikatia ndani yake mafuta ya mashine, karibu robo. Tena nilichagua kopo jipya, si lile la zamani lenye chembe za chuma. Nilijiona mwangalifu kupita kiasi! Nikaitikisa. Haikuganda tena. Nikampelekea Zuhura kama mtu anayeleta zawadi.

"Umeifanyaje?" akauliza.

"Jua tu," nikajibu.

Kwa nini sikumwambia? Nimejiuliza wiki nzima. Nadhani nilitaka aniulize mara kadhaa, anisifu, ndipo nimtolee siri yangu ya ufundi. Majivuno tu. Kesho yake nikaondoka na gari kwenda Kilosa.

Niliporudi Jumamosi nilimkuta amelala ubavu, uso umevimba kwa kulia. Alikuwa ameungua na kuvimba pale pasipotakiwa kuungua. Kujisaidia haja ndogo ilikuwa adhabu. Nikasema twende kwa daktari wa boma.

"Nimwambie nini?" akasema. "Nimwambie mkalimani, mkalimani amwambie Mzungu, Mzungu acheke, mkalimani arudi mtaani?"

Kisha akaniuliza tena, macho yake yakiwa usoni kwangu. "Feruzi, chupani umetia kitu?"

Anaponiita Feruzi, si Baba Salehe, huwa najua mambo ni mazito. Na bado nikasema, "Hapana. Jua tu."

Hilo ndilo kosa langu. La kwanza lilikuwa ujinga. Hili la pili nililifanya nikiwa na akili zangu.

Jumapili sikulala, Jumatatu asubuhi nikaitia chupa mfukoni, nikaenda kwa Mama Mbeleje. Huyu ni mkunga wa Kigogo anayekaa upande wa pili wa reli. Amewazalisha wake wa wafanyakazi karibu wote. Nilimkuta anakamua mbuzi.

"Shikamoo, mama."

"Mbukwa," akanijibu kwa salamu ya kwao, bila kuinua kichwa. "We Mswahili wa gari, nani kazaa kwako? Mkeo si mzee?"

Nikaanza kuzunguka. Nikasema mke wangu ana joto, labda maji, labda chakula. Alininyooshea mkono nimpe kilichokuwa mfukoni, kwa kuwa mfuko wenyewe ulikuwa umelowa. Akafungua chupa, akanusa, akainusa tena.

"Hii inanuka gari."

Nikamtazama mbuzi.

"Mkeo ana magurudumu?"

"Hapana, mama."

"Anavuta mabehewa?"

"Hapana, mama."

"Basi sema."

Nikasema yote, mbuzi akinisikiliza. Yeye hakucheka, na hilo liliniumiza zaidi. Alifuta mikono, akachukua fimbo, akanifuata mpaka nyumbani. Njiani alinipa maneno yake kwa Kiswahili chake kifupi. Nimwambie mke wangu mwenyewe kabla hatujavuka kizingiti, au yeye ndiye atakayemwambia.

Nilimwambia Zuhura mlangoni, Mama Mbeleje akiwa nyuma yangu kama askari.

Zuhura aliniacha nimesimama. Alimkaribisha mgeni ndani, wakafunga mlango, nami nikabaki uani na kuku. Baadaye mkunga alitoka akanipa masharti, na haya nayaandika vizuri nisiyasahau. Maji yaliyochemshwa yakapoa, hayo tu ya kuoshea, na kwa nje tu. Sabuni isiingie ndani, wala dawa ya majani, wala asali, wala kitu chochote jirani atakachokisifu. Apumzike mpaka apone kabisa. Homa ikipanda au akiona damu au usaha, aende kwa daktari wa boma, aibu tuiache nyumbani.

Akasema mafuta yawe yale yanayolika, mapya, peke yake. Nazi ni nzuri, ufuta ni mzuri. Yasitiwe karafuu wala manukato wala pilipili za wajuaji. Na yale mafuta ya ng'ombe ambayo wanawake wa kwao huchanganya na udongo mwekundu wakajipaka mwilini wakapendeza, hayo yabaki kwenye ngozi ya nje, maana udongo ni mchanga na mchanga unakwaruza. Mafuta mageni yajaribiwe kwanza mkononi, upande wa ndani, mtu angoje mpaka kesho.

Kisha akanionyesha kifaa chenyewe. Aliupitisha ukucha juu yake, na ukucha ukakwama. Hewa kavu ya huku ilikuwa imeupasua ule mpingo wa pwani. Ufa mwembamba kama unywele, hata Zuhura hakuuona. Mafuta yangu yalikuwa yameingia humo.

"Hiki hakioshiki tena," akasema. "Choma. Na kikija kingine, pitisha ukucha kila mara."

Nilikichoma jioni ile. Moshi wake ulinuka karakana.

Kesho yake, Jumanne, Zuhura aliinuka kitandani. Akakunja kanga zake, akafunga furushi. "Alhamisi gari linashuka," akasema. "Nakwenda Pangani." Basi. Hakupiga kelele. Angepiga ningejua pa kushika.

Leo asubuhi nilipotoka alikuwa amelala. Furushi lilikuwa mlangoni. Sikuthubutu kumwamsha nimuulize, na gari lilipoingia kulikuwa na watu wengi, na mimi nilikuwa chini ya behewa.

Naona wenzangu wanafunga karakana. Lazima niende.

Naendelea, nyumbani. Jua linatua.

Furushi lilikuwa pale pale mlangoni, limefungwa. Zuhura alikuwa kitandani, amelala ubavu, anachambua mtama kwenye ungo kwa mkono mmoja. Nikashika mwimo wa mlango.

"Hukuondoka," nikasema.

"Usijivune. Behewa letu lina mabenchi ya mbao. Nikalie nini mchana kutwa, Baba Salehe?"

Baba Salehe. Nililisikia hilo jina, nikakaa chini kabla hajabadili nia.

"Maumivu?"

"Yanapungua. Gari la Jumapili nitaweza kukaa." Akaendelea kuchambua. "Kuungua kutaisha. Lakini nilikuuliza mara mbili. Ukanitazama usoni, mimi nimelala hapa nalia, ukaniambia jua."

Nilitaka kusema nilikusudia mema, nikakumbuka mabwana wengi wanaosema hivyo.

Akasema nilete daftari na kalamu. Anataka barua kwa somo yake. Kwanza aombe chupa mbili za mafuta ya nazi, safi. Pili aombe kifaa kingine, lakini safari hii cha pembe iliyosuguliwa, kisicho na ufa wala ncha. Tatu, barua ieleze cha kwanza kilipatwa na nini, na nani alifanya.

"Somo hajui kusoma," nikamkumbusha.

"Najua. Atasomewa na binti yake. Barazani."

Niliiona baraza ile ya Pangani. Niliwaona akina mama kumi na mikeka yao, shangazi zangu wawili, wakazi wa huko, wakiwa kati yao. Nilimwona shangazi yangu mkubwa akishika mbavu kwa kicheko.

"Zuhura, mke wangu. Hatuwezi kusema kimevunjika tu?"

Akaweka ungo chini, akanitazama. "Jumapili gari litachukua barua, au litanichukua mimi. Mwenye kalamu ni wewe."

Kwa hiyo nimekaa hapa sakafuni na karatasi ya pili mbele yangu. Nimeandika salamu, ndefu, za heshima. Nimeandika habari za baridi. Nimeandika habari za mtama. Zuhura ameniambia niache mtama.

Nimeandika: Mimi Feruzi nilitia mafuta ya mashine ndani ya chupa ya mke wangu, akaungua.

Ameniambia nisome kwa sauti. Nimesoma. Ameniambia nisome tena, polepole, kama atakavyosoma yule binti. Nimesoma. Amesema haijaisha, hapo sijaandika kwamba aliniuliza, na mimi nilijibu nini.

Nachovya kalamu. Naandika.