Spinachi Yenye Masikio

Jumatatu, 3 Machi

Vidukari wamehamia kwenye spinachi bila kupiga hodi. Wamejazana chini ya majani kama ndugu waliosikia kuna urithi.

Mabeseni sita nyuma ya jiko, yote mabovu. Niliyatoboa chini mwenyewe – nimeshona viatu miaka arobaini, kutoboa najua. Kazi ya mabeseni ni moja: damu ya mama watoto. Nesi kaipima, ni nane. Kasema ikishuka tena atalazwa, aongezewe ya watu. Mama watoto kasema damu ya watu haitaki, hajui walikuwa na tabia gani. Ana vidonge vyake wiki ya tatu sasa, anavinywa huku amekunja uso. Mboga za majani pia kaambiwa ale. Hizo ndizo zangu.

Jirani ni mtunza bustani wa shule. Kaniambia niingie bandani kwake nichukue bomba la kupulizia, lile la kubeba mgongoni. Nikakuta mawili. Nikabeba lenye utepe mwekundu kwenye mpini, limependeza. Maji, sabuni, nikapuliza. Vidukari chali!

Ijumaa, 7 Machi

Kuna jambo. Majani machanga yanatoka na akili zao. Kingo zimejikunja juu, kila jani limekuwa kijiko. Vikonyo vimejinyonga kama waya wa simu ya zamani. Mawili yametoka yameshikana kama mapacha. Ya zamani hayana neno.

Nimekaa kwenye kigoda nayatazama. Yananitazama.

Mama watoto kaja na kikombe, kainama, kacheka mpaka kashika ukuta. Kasema hilo la kushoto ni sikio langu tupu, mpaka na kitundu. Nikamwambia basi asiseme siri hapa, yanasikia.

Jua kali? Mbolea nyingi? Niliweka ya kuku, viganja viwili. Labda kuku mwenyewe alikuwa na matatizo.

Jumapili, 9 Machi

Nimesogeza mabeseni kivulini. Hakuna kilichobadilika ila mgongo wangu.

Fundi cherehani wa nyumba ya pili kaja kushangaa. Kasema hilo ni jicho la mtu. Nikamwambia mimi sina cha kuonewa kijicho, meno yenyewe yamebaki matatu na hayajuani. Alipozidi kuuliza nikamwambia ni mbegu maalumu, wanapandiwa wanajeshi, jani moja sawa na matatu. Sijui limetoka wapi hilo. Linatoka tu.

Mama watoto alikuwa dirishani. Kasikia. Jioni kachuma ya masikio matupu, kaacha yale yaliyonyooka.

Jumatano, 12 Machi

Kliniki. Foleni, benchi la mbao, mtoto wa mtu kanitapikia kiatu. Damu: tisa na nukta sita!

Nesi kasema vidonge vimefanya kazi, aendelee hivyohivyo. Mama watoto kaitikia "ndiyo mwanangu" kwa adabu zote. Tulipofika getini kaniambia vidonge kavitupa chooni tangu Jumapili. Nikamuuliza ana wazimu? Kasema, "Vidonge vilikuwa vinaniumiza tumbo tu. Kilichonipandisha ni mboga yako. Daktari wangu ni fundi viatu."

Miaka arobaini na moja ya ndoa, hii ndiyo sifa ya kwanza. Ya pili, ukihesabu ile ya mazishi ya mama yake, aliposema nimelia vizuri.

Nilipaswa kurudi ndani kumwambia nesi. Sikurudi. Nilitembea nikiwa nimevimba kichwa, na kiatu kinanuka.

Jumamosi, 15 Machi

Nimerudisha bomba. Jirani kaangalia utepe, kaniangalia mimi.

"Mzee, hili ndilo ulilochukua?"

Nikasema hilohilo, la bi harusi.

Akakaa chini. Lenye utepe ni la dawa ya magugu. Anapulizia njia za shule, magugu yanakufa na mizizi yake. Kafunga utepe ili mtu asikosee. Nikamuuliza huyo mtu angejuaje? Kasema kila mtu anajua nyekundu. Nikasema kwenye viatu nyekundu maana yake ni nyekundu.

Nikamweleza majani. Kabla sijamaliza akakunja kiganja mfano wa kijiko. Hivi? Hivyo. Vikonyo vimejinyonga? Vimejinyonga. Basi ndiyo yenyewe, kasema. Masalia kidogo tu kwenye bomba yanatosha. Ng'oa yote, mwaga udongo, asile mtu.

"Kuna aliyekula?"

"Mbuzi," nikasema.

Sina mbuzi. Anajua sina mbuzi.  Kaniomba nisimtaje, bomba ni la shule na haruhusiwi kuazimisha.

Jumapili, 16 Machi

Asubuhi nimeanza kung'oa. Beseni la kwanza, la pili. La tatu nimeligusa tu, mama watoto yuko nyuma yangu, kashika kiuno.

"Unafanya nini, baba?"

Nikasema napalilia. Njia ya mwongo fupi – yangu leo haikufika hata uzio. Kaangalia mashina yamelala chini. Kasema nikiyang'oa hayo nimemzika. Kasema kule hospitali harudi kulazwa, dada yake aliingia kwa miguu akatoka kwa machela.

Nikamwambia ukweli. Wote. Bomba, utepe, dawa ya magugu, vijiko. Nilisema polepole kabisa, kofia mkononi.

Kanisikiliza mpaka mwisho. Halafu kacheka!

"Juzi mbegu ya wanajeshi, leo sumu. Kesho utaniambia yanaota usiku yanakwenda kuiba." Kanipiga begani, kaingia ndani. Kasema uvivu wa kumwagilia tu unanisumbua.

Nimekwenda kwa mwenye duka la dawa. Nikasema kuna rafiki yangu, mke wake… Kasema rafiki yangu ampeleke mkewe kliniki kesho, abebe na jina la dawa, na asile tena hata jani moja. Na vidonge arudie leo hii. Kaniuzia vipya. Viko mfukoni.

Jirani nimemwomba aje athibitishe. Kajikuna shingo. Kasema atakuja kesho akishafungua geti la shule. Labda.

Jumatatu, 17 Machi

Naandika mezani. Saa mbili na nusu. Jirani hajatokea.

Niliamka nikanusa sufuria. Alinitangulia. Sahani mbili, yangu na yake, na masikio kachagua makubwa. Kasema leo tule wote, nione kama nitakufa.

Nikamwambia tena. Nikatoa vidonge, nikaviweka karibu na chumvi. Kasema nisimharibie asubuhi. Nikamshika mkono wenye kijiko. Kanitazama. Nadhani hapo aliona kitu, maana aliacha kucheka. 

Fundi cherehani akabisha mlango wa mbele, anaomba sindano. Mama watoto akaenda kumpa.

Nikala sahani yake. Yote. Meno matatu, lakini nimemeza kama bata. Nikala na yangu ili asibaki na kitu. Ina uchungu kwa mbali, au ni mimi.

Karudi. Kaangalia sahani, kaangalia kidevu changu. Nilidhani sasa atakasirika, tutagombana, na kwenye ugomvi atanisikia.

Uso mzima ukamng'aa.

"Kumbe sumu tamu hivyo!" kasema. "Mwizi mkubwa wewe. Ngoja nikuongezee."

Kachukua kisu na ungo. Nimemwita. Nimemwita kwa jina lake la usichana, ambalo sijalitumia tangu mtoto wa kwanza. Kaitika kwa nje, sauti ya furaha, kwamba anakuja, nisiwe na haraka.

Namsikia anaburuza beseni.

Nasimama –